Dhoruba Iliyokuja Kinyume cha Upepo

Dhoruba inawezaje kutembea kinyume cha upepo? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na swali hilo lilininyima raha msimu mzima wa mvua. Mchana, mtaani kwetu Butembo, moshi wa majiko ulilala kuelekea mashariki, upande wa Ziwa Edward, na mawingu ya chini, yale ya kijivu yaliyokaribia kugusa mikaratusi, yalikwenda huko huko. Lakini juu yake, mbali kabisa, wingu jeupe lililotandazwa kama shuka lilikuwa linakuja kwetu. Kisha moshi ulisimama wima, ukapinda ghafla, baridi ikatupiga usoni ikiwa na harufu ya udongo uliolowa, na dhoruba ikaingia kutoka mashariki, kule kule upepo wote wa mchana ulikokuwa unakwenda.

Watu wazima hawakuhangaika, maana jibu walikuwa nalo. Mama Kahindo, mjane aliyeuza samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge, kando ya ziwa, alikuwa amehamia avenyu yetu mwaka ule. Mvua ilitoka ziwani, naye alitoka ziwani, na kitu kinachokwenda kinyume cha upepo lazima kiwe na mtu anayekivuta. Mvua ya mawe ilipoponda maharagwe ya mteremko mzima yakiwa yamebakiza siku chache kuvunwa, shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, aliitisha mkutano uani kwake. Cha kuamua pale kilikuwa kimoja tu: Mama Kahindo abaki au aondoke. Mimi nilimpenda kwa sababu ndogo. Nilipomwuliza kuhusu yale mawingu yanayopishana, ndiye mtu mzima pekee aliyenijibu kwamba hajui, kisha akaweka beseni chini na kutazama juu pamoja nami.

Watoto hawakuwa na neno katika mikutano ile. Nilisimama hata hivyo.

"Lakini mvua ya juma lililopita, ye alikuwa Beni, ku matanga ya dada yake. Donc basi, nani aliileta?"

Kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda. Shefu alijikuna kidevu, akasema taratibu, "Anaitumaka toka mbali," na vichwa vikaanza kutikisika kukubali, kimoja baada ya kingine. Baba yangu, aliyekuwa amepoteza maharagwe yake yote, alinivuta sketi niketi.

"Niitume na nini, shefu?" aliuliza Mama Kahindo, aliyekuwa ameketishwa mbele yao. "Hata unité ya kupigia mu telefone sina."

Wawili watatu walicheka, kisha wakakumbuka walichokuja kufanya. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa amenifundisha: akiwepo, ni yeye, asipokuwepo, ni yeye. Haikuwepo mvua wala jua la kumsafisha. Wakampa hadi siku ya soko awe ameondoka. Siku hiyo hakupita njia ya nyuma kama walivyotarajia. Alipita katikati ya barabara, polepole, akisalimia kila mlango kwa jina la mwenyewe, nami nyuma yake nikiwa na beseni lake la pili kichwani hadi pale magari ya kuteremka ziwani yanapopakia. Baba alinichapa jioni ile. Sikuomba msamaha, na sijauomba mpaka leo. Kabla mwezi haujaisha dhoruba nyingine iliingia kutoka mashariki, ikang'oa mabati ya shefu mwenyewe, na hakuna aliyeitisha mkutano.

Sasa nafundisha jiografia Beni, chini huku kwenye joto na kakao. Msimu uliopita radi iliua mbuzi wa jirani, na watu wakaanza tena kutafuta jina. Nilikwenda na chaki, nikachora mishale kwenye mlango wa kioski: upepo wa chini ukienda huku, wa juu ukienda kule, dhoruba katikati. Nikawaambia kwamba anayetaka kutaja jina alitaje mbele yangu, na aseme kwanza ni mvua gani ikinyesha atakubali kwamba amekosea. Kijana mmoja wa pikipiki aliniita madame mjuaji. Mwingine aliuliza kama na mimi nimetoka ziwani. Nilimjibu kwamba nimetoka Butembo, na kwamba mchawi akikosekana waniandike mimi. Siku ile halikutajwa jina.

Mishale ile nilifundishwa chuoni. Upepo wa juu ndio unaoisukuma dhoruba kuelekea magharibi; wa chini kazi yake ni kuilisha unyevu. Lakini jambo moja lilinichukua miaka zaidi kulijua, nami nalisema kwa yeyote aliyekaa uani mwa shefu siku ile. Sehemu kubwa ya maji yaliyoganda kuwa mawe na kuponda maharagwe yetu haikutoka ziwani. Ilibebwa na upepo ule wa chini kutoka magharibi, kwenye misitu ya upande wa Mangina na mbali zaidi ya hapo, na kabla ya kufika kwenye dhoruba ilipita kwanza juu ya mapaa yetu wenyewe.