Bomba la Matundu Sitini

Hakuna kitu duniani kilichoweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la nne, lakini hapa Voi karakana ya kuchomelea ilikuwa yangu, mashine zangu, na lori likivunjika chesisi kuanzia Mwatate mpaka Taveta, lililetwa kwangu.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha, kijana wangu wa kwanza alirudi kutoka chuo kikuu na habari za moto. Alisema wataalamu wanataka kuwasha moto kama wa jua, wapate umeme. Taabu ni chombo cha kuutia: ukigusa chuma, chuma kinaharibika na moto wenyewe unapoa. Wengine wanaushika kwa sumaku. Yeye alitaka kwenda ng'ambo kusomea kama sauti nayo inaweza kuushika. Nafasi alipata, nauli hana. Mimi nilikuwa nayo.

"Sauti ishike moto?" nikamwambia mbele ya wateja. "Basi mama yako, kwa kelele zile, angekuwa anapika bila jiko!"

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Baba, nitobolee bomba nikuonyeshe."

Nikatoboa matundu sitini, yote sawa kabisa. Upande mmoja akaingiza gesi ya kupikia, upande wa pili akafunga mpira mwembamba na spika nyuma yake. Akawasha. Ndimi sitini za moto, kimo kimoja. Spika ikatoa mlio mmoja mrefu: moto ukainuka hapa, ukalala pale, ukasimama hivyo hivyo kama vilima. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa ameniletea plau yake niichomelee, akavua kofia.

"Huu si moto wa jua," kijana akasema, "lakini unaona sauti inavyoupanga?"

Niliona. Na hakuna aliyejua kunishinda kwamba matundu yale yalikuwa sawa.

"Ni matundu," nikasema. "Niliyatoboa vibaya."

Mimi! Nikaitukana kazi ya mikono yangu ili mtoto asinishinde.

"Baba, wewe hutoboi vibaya," akasema polepole. Akafunga gesi.

Nauli sikutoa. Shemeji aliuza ng'ombe watatu, kijana akapanda ndege. Barua zote akamwandikia huyo mjomba wake. Aliporudi kuoa, mjomba ndiye aliyeongoza posa. Nilipoomba kukaa mahali pa baba, wazee wa ukoo wakasema kwanza nilipe faini ya kumwaibisha mtoto mbele ya watu. Sikubisha. Nikalipa shilingi mia sita na arobaini.