Nafasi Tupu kwenye Liste ya Lushebere

Miaka ile ya vita sikuweza kutulia. Hata mbele ya ordinatere, ile kompyuta ya ofisi, niliketi nusu ya kiti, sikio liko barabarani, maana risasi za upande wa Nyamitaba tulizisikia kila mara. Siku hiyo kamyo ilikuwa imeleta mabashi, yale maplastiki ya kuezekea vibanda, na dereva alitaka kurudi kabla ya saa nane. Mimi njo nilitoa liste ya majina ya wakimbizi wa kambi ya Lushebere. Huna jina, huna bashi.

Akaja mama mmoja, amefunga kitoto cha wiki moja kifuani, kitenge chote kimelowa mvua. Jina lake halikusomwa. Nikamujibu kwa kiburi, Mungu anisamehe, kwamba mashine haikosei, labda hakujiandikisha. Akatoa karata yake ya kujiandikisha. Aka! Mwandiko ulikuwa wangu. Kila kitu kilijazwa ila kijiji. Alikataa kukitaja, kwa sababu siku hizo kijiji kilisema wewe ni wa nani, na liste ikianguka katika mikono mibaya, watu wanakufuata.

Shefu wangu wa kazi akaniambia nijaze kijiji chochote, kamyo iko inanguruma. Vidole vilishafika kwenye herufi. Mama akasema polepole:

"Papa, usiniandike mahali sikutoka. Siku moja watanirudisha huko."

Nikaona haya, nikarudi kwenye kodi yangu, yale maagizo niliyoiandikia mashine. Katika SQL, lugha ya kuulizia mashine, nilikuwa nimefunga habari za kila mutu kama kifurushi kimoja: jina, mwaka, kijiji, idadi ya watoto. Halafu niliagiza: nipe kila kifurushi kisicho kitupu. Nilizani kikiwa na kitu chochote ndani kitapita. Kumbe, ukiuliza hivyo, mashine inapitisha tu kile kilichojaa kila nafasi. Pengo moja, na mutu muzima anatupwa inje, kimya, bila hata kosa kuonekana.

Nikaacha kuuliza kifurushi kizima, nikauliza tu kama namba ya karata iko. Majina yakaanza kushuka, mengi, mpaka nikashika kichwa. Lake lilikuwemo. Akaniomba nimuonyeshe, akaweka kidole pale peupe.

"Na hapa?"

Nikamuambia hapo patabaki hivyo.

Akaenda kupanga mustari. Nikasoma liste mpaka chini, na mustari wa mwisho ulikuwa jina langu, na pale pa kijiji peupe. Mimi pia, siku nilipofika kutoka Bihambwe, sikuandika Bihambwe.