Bilinganya za Mama

Tsiuri amemaliza ujana wake katika zizi la farasi wa dawa, nje kidogo ya Tbilisi. Farasi hao hudungwa sumu ya vijidudu, kidogo kidogo, mpaka miili yao ijue kuipinga. Kisha hutolewa damu, na maji yake ya manjano huwa dawa ya waliokula chakula kilichoharibika chupani. Dawa hiyo huikamata sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Kiungo kilichokwisha kulegea haikiinui. Ndiyo maana Tsiuri hali kitu cha chupa, na wifi yake humwita daktari wa punda.

Siku ya arobaini ya mama yao, kaka yake Jumberi alipanda kutoka stoo ya chini na chupa ya bilinganya zilizofungwa na mkono wa marehemu.

"Kaka, kifuniko kimevimba," Tsiuri alisema.

"Leo hii unamkatalia mama chakula?"

Shangazi yao alimkata jicho. Tsiuri akameza maneno yake, na mpaka leo yamemkaa kooni. Jumberi alizila peke yake, hakumgawia mtu. Mama alimfungia yeye, alisema, kipenzi chake.

Kesho yake alikaa mbele ya picha ya mama, akacheka.

"Tsiu, naona mama wawili."

Sauti ilimtokea puani, kope zimemwanguka.

"Mvinyo wa jana huo," mkewe alisema.

Tsiuri alimkokota kaka yake hadi kwenye gari, na hospitalini aliwapigia watu kelele mpaka dawa ikaletwa. Ilipokuwa ikiingia mshipani alimwaza Lurja, farasi wa kijivu wa zizini ambaye yeye humpiga brashi kila asubuhi, akamshukuru kwa machozi.

Jumberi alipumua kwa mashine kwa wiki nyingi, ndipo akarudi nyumbani, amekonda. Stooni ilikuwa imebaki chupa moja.

"Usiitupe, Tsiu. Mama alinikumbuka tu."

"Ndilo linaloniogopesha."

Tsiuri aliichemsha kwa muda mrefu kuiua sumu, akaifukia nyuma ya zizi.

Jioni moja Jumberi aliinamisha kichwa kuelekea sakafuni. "Huko chini kuna mtu anakaza vifuniko. Unasikia?"

"Sisikii kitu. Kula."

Kaka yake alipomaliza kula, Tsiuri alishuka akafunga stoo kwa kufuli. Ufunguo analala nao.