Beringi ya Gurudumu la Kulia

Trekta letu lilinunuliwa na baba mkwe, tayari likiwa kuukuu, enzi pamba ilipokuwa bado inalimwa hapa kwetu Bulumbi, Uganda. Nilipoolewa nililikuta uani, na mume wangu ndiye aliyeliendesha. Alilima mashamba yetu na ya majirani, mengine mpaka upande wa Sikuda. Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikafa ganzi, na maneno yakabaki machache, yanayotoka kwa taabu. Watoto wetu wameshahama, kila mmoja na maisha yake. Basi nikajifunza kuliendesha mimi, yeye akinielekeza kwa mkono wake mzima kutoka barazani. Mwanzoni mistari yangu ilikwenda mrama, na majirani walicheka, lakini chakula kilipatikana.

Mwaka huu, mvua zikiwa karibu, gurudumu la nyuma la kulia lilianza kunguruma. Nilidhani ni jiwe limekwama mahali. Nilipozima injini uani, mume wangu alikuwa ameshainua kidole, anakizungusha hewani.

"Be," alisema. Akameza mate, akajaribu tena. "Beringi."

Niliinama kutazama. Mafuta meusi yalikuwa yanachuruzika kutoka ndani ya gurudumu mpaka chini.

Nilimpigia simu fundi, rafiki yake wa tangu ujana, anayeishi ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Alikuja kwa bodaboda amepakata sanduku la vyombo. Kwanza alikaa na mgonjwa, akamweleza habari za magari aliyofungua karibuni kana kwamba wangali wakifanya kazi pamoja. Ndipo akapiga jeki. Matairi ya nyuma tuliyajaza maji zamani ili trekta lisiteleze kwenye tope, kwa hiyo ilibidi niite majirani tushike gurudumu wote lisije likamwangukia mtu. Fundi alifungua, akagonga, akavuta. Ekseli ilipotoka, beringi ilitoka nayo vipande vipande, gololi zake zimemeguka.

Alifuta ekseli kwa kitambaa, akapitisha ukucha juu yake polepole.

"Shemeji, njoo uone," aliniita. "Beringi si tatizo, nitaitafuta. Tatizo ni hapa inapokaa. Imezunguka juu ya ekseli mpaka imeila. Hata nikiweka mpya, itacheza."

"Na ekseli nyingine?"

"Ya trekta hili? Waliokuwa nazo walishaziyeyusha."

"Kwa hiyo hakuna la kufanya."

Aliweka kitambaa chini. "Tunaweza kuchomelea hapo palipolika, tujaze chuma, halafu mafundi wa mjini Tororo wakereze mpaka ilingane. Lakini sehemu hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Mimi chuma kilichochomelewa mahali kama hapo sikiamini."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa amesikia yote. "Fanyeni," alisema, na neno hilo lilitoka zima, bila kukatika.

Fundi alipokwisha kuichomelea nilikwenda Tororo mwenyewe, ekseli imefungwa kwa gunia nyuma ya pikapu ya jirani. Mkerezaji aliitazama, akaigonga kwa nyundo, akasikiliza mlio wake.

"Mama, mimi natengeneza," alisema. "Lakini hii chuma imechoka. Ukirudi, usilime na nguvu."

Nilikaa kwenye benchi mlangoni pake nikivuta harufu ya chuma kilichoungua. Nilisali. Sikujua hata niombe nini hasa. Kuomba ekseli ipone kulinitia aibu, kwa sababu sikuwa nimemaliza kumwombea mume wangu apone, na nilikuwa nimeanza kuchoka.

Fundi naye alizunguka madukani kwao mpaka akapata beringi ya saizi ile, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya lori. Akaifunga, akaweka sili mpya ya mafuta, akarudisha gurudumu. Alipomaliza hakusema limepona. Alisema tu, "Haya, washa."

Niliwasha. Nilizunguka uani mara kadhaa, na ule mngurumo haukuwapo. Mume wangu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka, na sauti yake ya kucheka ilikuwa ileile ya zamani. Sikuwa nimeisikia tangu augue.

Nikashusha plau kwenye shamba la nyuma ya jiko. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha kidogo tu, ardhi bado ngumu, kwa hiyo nilikwenda taratibu kama nilivyoambiwa. Nilikuwa nakaribia nusu ya shamba nilipomwona amesimama barazani, ameshika nguzo, anapunga mkono. Nilizima injini nikamkimbilia, nikidhani anaanguka.

"Imerudi," alisema.

"Mimi sijasikia mngurumo wowote, Baba."

"Imerudi."

Fundi, aliyekuwa akinawa mikono, aliniambia nipande tena niende polepole, yeye atatembea kando ya gurudumu. Hatukufika mbali. Kulitokea mlio mmoja, mkavu, na trekta likakaa chini upande wa kulia, gurudumu limelalia bodi ya trekta. Hakuna aliyeumia. Fundi alipiga magoti akachungulia, akabaki hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imekatika palepale pa kuchomelea," alisema. "Nisamehe, shemeji."

Nilimwambia hana kosa. Alikula chakula nilichopika, akamuaga mgonjwa kwa kumshika bega, akaondoka.

Mvua zilishuka wiki ile. Akina mama wa kanisani walikuja na majembe tukapanda wimbi kwenye sehemu iliyolimika. Kwingine nyasi zilishinda. Trekta lilibaki katikati ya shamba juu ya magogo, na sisi tukapalilia kulizunguka. Mume wangu aliacha kukaa barazani. Nilipomtandikia kiti alitikisa kichwa, na maneno yake, yale machache, yakazidi kupungua.

Asubuhi moja aliniambia, kwa shida sana, niwaite wanunuzi wa chuma chakavu. Nilimwuliza mara mbili kama ndilo analotaka. Akafumba macho kukubali. Nikawaita.

Vijana wale walikuja na mtungi wa gesi, wakalikata hukohuko shambani. Walikanyaga wimbi wakiingia na kutoka, na sikuwa na nguvu ya kuwakataza. Walipoondoka niliingia ndani na uji. Nilimwinua, nikamlisha kijiko kwa kijiko. Alikunywa kidogo, akageuza uso. Nilimwuliza kama anataka kitu kingine. Akasema anasikia baridi, nikamfunika, nikaketi kando ya kitanda.