Ubeti wa Jina

Mimi si mtu wa kujitetea, na hapa sitaanza. Miaka ya tisini, katika maktaba moja ya Lewisham, Uingereza, nilimnyang'anya mama yangu utenzi wake mbele ya watu kumi na wawili, na mwenyewe amekaa kiti cha nyuma ananitazama.

Lilikuwa darasa la jioni, kila Jumanne, la kujuana na fasihi za nchi mbalimbali. Mwalimu, Mwingereza mstaafu, alianza na Warusi, akaja Uajemi, akenda Ujapani, kisha akasema amechoka kuwasemea watu, sasa kila mmoja alete ya kwao. Tutakavyoleta vitachapwa katika kijitabu na kuwekwa maktabani. Mzee mmoja Singasinga, mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa akija kutoka Southall, alighani kwa Kipunjabi huku amefumba macho. Mimi nilikuwa nikiwaogesha na kuwalisha wazee wa Kizungu majumbani mwao, na nilishachoka kuonekana nimekuja nchi ya watu mikono mitupu. Nikasema moyoni, ngojeni, na sisi tunazo.

Nilichokuwa nacho ni utenzi wa Mama. Kwetu Unguja mama humuusia bintiye anapoolewa, na Mama aliniusia kwa utenzi, chumbani, mbele ya somo wangu, yule aliyenifunda, na wanawake wa nyumbani. Nilidhani ameupokea kwa bibi. Siku hizo kichwa kilinijaa hina na hofu, sikuuliza, wala sikusikiliza mpaka mwisho.

Basi nikaazima redio ya kaseti, nikamkalisha Mama, ambaye siku hizo alikuwa akikaa nasi huku, sebuleni aimbe. Mume wangu na nduguye walikuwa pale pale wakitazama mpira. Nikawaambia wapunguze sauti tu. Mama akaimba vizuri, akafika mahali akanyamaza. "Basi, yatosha," akasema, nami nikazima.

Aliyekulia katika tungo anajua kuwa mtungaji hujitaja katika beti za mwisho. Nilisikiliza kaseti ile mara nne, sikukuta jina. Nikakata shauri mwenyewe.

Jumanne yangu ilipofika nilikwenda na Mama, maana presha ilikuwa ikimsumbua na hakukuwa na wa kubaki naye. Nikawawekea kaseti, nikawafasiria ubeti kwa ubeti, na watu wakatulia. Nilijiona mtu, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile. Yule mzee wa Kisumu akaniuliza kwa Kiswahili, "Na aliyetunga ni nani, dada?"

"Hajulikani, mzee," nikasema. "Wa zamani sana."

Mwalimu akaandika ubaoni kama nilivyomwambia. Mama alikuwa akikunja pindo la buibui lake na kulikunjua.

Basi la kurudi lilipoipita hospitali, Mama akafungua kinywa.

"Kumbe mimi wa zamani sana," akasema.

Nikamgeukia.

"Nimekutungia wewe. Tangu siku posa ilipoletwa, huku napepeta mchele. Na jina langu nimelitia."

"Sasa mbona hukuliimba, Mama?"

"Mbele ya mkwe wangu na nduguye? Mwanangu, haya huna? Jina la mwanamke nilitembeze mbele ya wanaume, tena kwa kuimba?"

Nililia ndani ya basi, watu wakinitazama, wala sikujali. Nimelelewa na haya hizo hizo. Ningewatoa wanaume wale sebuleni kwa dakika kumi tu, utenzi ungekamilika.

Kijitabu kilikuwa hakijachapwa. Mwalimu alinipa muda wa kusahihisha mpaka mwisho wa muhula. Nikamwomba Mama ruhusa ya kumtaja.

"Ngoja nifikiri," akasema. "Wanaume nao watakisoma."

Akafikiri kweli. Siku moja aliniambia marehemu baba yangu asingekubali. Siku nyingine akanitaka nimwandikie jina lake kwa herufi za Kizungu, maana yeye alisoma za Kiarabu tu. Nikaliandika nyuma ya bahasha, akalitazama kitambo. Nikadhani amekubali, nikamuuliza.

"Bado," akasema, na akacheka kidogo.

Wiki ya pili yake kiharusi kikachukua upande wake wa kulia pamoja na maneno. Hospitali niliinama sikioni mwake nikamuuliza tena, maana kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka. Alinitazama, macho yamemjaa machozi. Ilikuwa ndiyo au hapana, wallahi sikujua, na sijui mpaka leo. Hakukaa sana, Mungu akamchukua.

Kwenye karatasi ya mwalimu nililifuta neno "hajulikani", pakabaki patupu, na kijitabu kikatoka hivyo. Wanangu wamekwisha kuwa wakubwa. Huniuliza, kwa Kiingereza chao, kwa nini nisiandike jina la Bibi, hata katika haya ninayoandika sasa, na yeye hayupo tena wa kuona haya. Huwajibu kuwa Bibi yao alisema ningoje.