Makaroni ya Mama

Nisameheni kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Lakini jambo hili limenikaa kooni.

Nilipofanya kazi za ndani Geita mjini nilijifunza kupika makaroni ya Kiitaliano ya kuoka, yenye nyanya, nyama ya kusaga na jibini. Niliporudi nyumbani Kishapu nilibeba kipande cha jibini kwa ajili ya mama. Amekamua ng'ombe maisha yake yote na alikuwa hajawahi kuonja jibini.

Hatuna oveni. Niliweka sufuria juu ya makaa machache, nikapanga makaa mengi juu ya mfuniko. Mama alikaa karibu, akinusa na kucheka.

Kwetu wanaume hupelekewa chakula kwanza, nje. Baba mdogo akaita kutoka huko nje, "Leteni hayo ya mjini tuyaone." Nilitaka kusema nimpakulie mama kwanza. Aibu ikanifunga mdomo, nikapeleka sufuria zima.

Lilirudi na ukoko mweusi wa chini tu.

"Hayashibishi," baba mdogo alisema, akijifuta mdomo. "Binti, songa ugali."

Mama alikwangua ukoko kwa kijiko, akatafuna. "Kitamu, mwanangu," akasema.

Nilisonga ugali ule bila kumtazama mtu. Nina hasira na baba mdogo mpaka leo, na zaidi na mimi niliyenyamaza.

Wewe unayesoma, niandikie. Kwenu nani hupakuliwa kwanza? Na ungekuwa mimi, ungemwambiaje baba mdogo?