Mwenye Mke Asaini

Uvumilivu wangu uliisha mbele ya dirisha la mapokezi. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu, na mama mwenye mji wangu alikuwa amesimama pembeni yangu na blanketi lake begani, lile la kwendea harusini. Mhudumu wa dirishani alikuwa ameshacheka mpaka akafuta macho. Mama akainama kwenye kitundu cha kioo, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua:

"Basi muiteni yule kijana asaini yeye. Mimi nitakaa nje. Huyu asife tu."

Nilipiga kioo kwa kiganja. Nikapiga tena. Nilisema moyo ni wangu, kifua ni changu, mbona yule mwanaume aliyenitangulia hamkumwambia alete mke wake? Nilikuwa na mengine ya kusema, machafu, ila pumzi ilikatika. Nikakaa sakafuni, miguu mbele, kanga imepanda, nikikohoa kama mtu aliyepaliwa na ugali. Mlinzi akaja. Mama mmoja kwenye benchi akasema, "Ana mapepo huyo, mfunikeni." Wakanifunika kwa kanga yangu mwenyewe.

Mpaka leo nikipita barabara ile najifunika uso.

Sasa nieleze, maana aliyezaliwa mbali na kwetu hataelewa mama yule alikuwa anatoa nini aliposema muiteni yule kijana.

Kwetu Tarime, mwanamke asiyekuwa na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto watakaozaliwa ni wa mji wake, wanabeba jina la nyumba yake, wanarithi shamba lake. Mimi niliolewa hivyo. Nilitoka kwetu upande wa Manchira na cheti changu cha kidato cha nne kwenye mfuko wa rambo, nikaja Susuni kwa mjane ambaye mabinti zake wote walikuwa wameolewa. Msinionee huruma. Dada yangu aliolewa na mwanaume, ana meno mawili pungufu. Mimi sijawahi kupigwa hata kofi.

Yule kijana ndiye mwanaume aliyenizalisha. Mama alimchagua, anatoka kijiji cha pili, ni mpole, akija anakula, anaondoka. Kimila hana chake pale. Lakini tangu rashi ya dhahabu ianze, watu wakakimbilia kilima chetu kuchimba, na yeye apate mfuko mmoja wa mawe mazuri, alianza kuja mchana. Alianza kumwangalia mwanangu wa kiume na kusema, "Masikio ni yangu haya." Mama alikuwa anasikia. Alikuwa anaendelea kupepeta ulezi wake. Wote tulijua anatafuta nini. Mtu kama huyo ukimpa mahali pa kuandika kwamba yeye ni mume, na muhuri wa serikali ukapigwa juu yake, kesho anakuja na mwenyekiti wa kijiji kuchukua watoto. Mji wa mama unakuwa umefungwa.

Hicho ndicho alichokitoa pale dirishani ili mimi nisife. Na watu walikuwa wanacheka.

Kuumwa kwangu kulianzia mwaloni, kule tunakooshea mchanga wa dhahabu. Kilima kilichokuwa cha mbuzi kilijaa watu ndani ya wiki chache, mashimo kila mahali, makarasha yanasaga mawe mchana kutwa. Wanaume waliingia kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wanawake tulibeba mchanga kuupeleka kwenye maji. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili si muda mrefu. Nilikuwa nabeba kiroba nusu kilima, nakaa. Nabeba tena, nakaa. Moyo unapiga hadi kwenye koo. Nikilala chali nahisi mtu amenikalia, nikawa nalala nimeegemea ukuta.

Wenzangu hawakuniacha.

"We mke wa bibi, unachoka na nini? Mume wako si anasinzia saa moja?"

"Mwacheni, labda bibi ni hodari kuliko waume zenu."

Nilicheka nao. Ungefanya nini? Nilicheka, halafu nikainama kwenye beseni kana kwamba naangalia kama kuna kinachong'aa.

Pale zahanati tabibu aliniuliza kama nina mimba. Nikasema sina. Akaniuliza nina uhakika. Nikasema ninao. Akaandika, bila kuniwekea chombo kifuani, akanipa dawa za vidonda vya tumbo. "Una mawazo wewe. Nyumba zenu zile hazina mwanaume, lazima mtu apate mawazo." Nilirudi mara nyingine nikiwa nakohoa makohozi ya rangi ya waridi. Akasema ni vumbi la karasha. Nilimeza nilichopewa. Nilifika mahali nikaamini kweli mimi ni mvivu, na nikaona aibu kwa ajili ya mama aliyetoa ng'ombe wazuri kwa mwanamke anayehema kwa kufagia uwanja.

Mchimbaji mmoja wa duara la jirani naye alikuwa anakohoa. Kijana wa rika langu, mwenye mke na mtoto. Alikwenda kwa tabibu yule yule. Tabibu akamvua shati, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akamwambia moyo una sauti isiyo ya kawaida, nenda hospitali Bomani wiki hii hii, madaktari wa moyo kutoka mbali wanakuja. Hakumuuliza kama ana mawazo. Na mwenye duara alikuwa amemnyima mgao wake, mawazo alikuwa nayo tele.

Ni yeye aliyenikuta nimekaa katikati ya njia na kiroba changu.

"Shemeji, mbona unakohoa kama mimi?"

"Vumbi."

"Vumbi gani, mimi mwenyewe niliambiwa si vumbi. Ukilala chali unaweza?"

"Siwezi."

"Basi kesho tunakwenda wote. Wakikukataa, sema wewe ni dada yangu."

Bomani walitupima wote wawili kwa ile mashine ya picha ya moyo. Yeye alivua shati akiwa bado kwenye korido, akawa anatembea kifua wazi akisalimia watu. Mimi niliingia nyuma ya pazia ambalo halikufika ukutani. Kila aliyepita aliona ziwa langu likivuja maziwa kwenye shuka la hospitali. Niliomba kitambaa. Muuguzi akasema, "Kila mwanamke hapa ana maziwa, tulia." Nilitulia. Niliangalia dari.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke. Alitukalisha pamoja kwa sababu ugonjwa ulikuwa mmoja. Alisema ukiwa mtoto unaumwa koo, viungo vinavimba, watu wanasema ni kukua, kumbe ndani moyo unapata makovu. Baada ya miaka mlango mmoja wa moyo, wao wanaita valvu, unashikana pembeni. Akabana vidole vyake viwili kutuonyesha ufa uliobaki. Damu inarudi nyuma inajaa kwenye mapafu.

"Hatupasui kifua," alisema. "Tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa juu ya paja, unapanda hadi kwenye moyo. Kwenye ncha kuna puto. Likifika kwenye mlango tunalijaza, mlango unaachia, tunalitoa."

"Kama kujaza tyubu ya baiskeli," mchimbaji akasema.

"Kama tyubu, ila usije ukajaribu nyumbani."

Halafu akanigeukia mimi. Akasema ugonjwa huu unashika wanawake zaidi, lakini wanaume ndio wanaomfikia mapema, wakiwa wanakohoa tu. Wanawake wanafika wamechoka kabisa, wengine wakiwa na mimba, mapafu yamejaa maji. Akasema mishipa ya wanawake mara nyingi ni myembamba, mahali pa kutoboa huvuja damu kwa urahisi zaidi, "kwa hiyo wewe nitakuangalia kwa karibu kuliko huyu. Lakini ukiniuliza nani aanze, ni wewe. Mlango wako umebana zaidi. Na usibebe mimba mpaka tuufungue, unanielewa?"

Mchimbaji aliitikia kwa kichwa, kwa niaba yangu, kama vile ndiye angenipa hiyo mimba. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini pia, nisiseme uongo, nilitaka kuimba. Sikuwa mvivu. Kulikuwa na mlango umebana.

Tukaenda dirishani kuandikishwa safari ya kwenda hospitali kubwa, gari likiwa la kuondoka siku chache mbele. Mchimbaji akatoa kitambulisho, akasaini, akaambiwa siku ya kuja. Ikafika zamu yangu.

"Mwenye mke asaini."

"Nasaini mwenyewe."

"Mrija unapita kwenye paja, mama. Hatuwezi kumgusa mke wa mtu huko bila yeye kujua, akija kutuletea panga hapa je? Mwenye mke aje na kitambulisho."

Daktari alikuwa ameshaondoka na wenzake. Mchimbaji akajaribu: "Mimi mbona mke wangu hajui hata nimekuja?" Mhudumu akamwambia wewe ni mwanaume.

Kwa hiyo nikamleta mwenye mke. Alikuja na gauni lake la kanisani, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la leso. Alikuwa ameoga mapema na kupaka mafuta mpaka miguuni. Mtu anayejua kazi yake. Ng'ombe katoa yeye, aitwe yeye, atajibu yeye.

"Mume wake yuko wapi?" mhudumu akauliza.

"Ni mimi."

"Bibi, nauliza mwenye mke."

"Nakujibu. Ng'ombe nimetoa mimi."

Mhudumu si mtu wa kwetu, huyo naweza nikamsamehe kicheko cha kwanza. Lakini akamuuliza, "Na usiku inakuwaje, bibi?" Hapo mabenchi yote yakalipuka, na waliocheka zaidi ni Wakurya wenzetu, watu ambao wana nyumba kama yetu nyuma ya maboma yao na wanajua vizuri kabisa usiku inakuwaje: watu wanalala. Mzee mmoja mwenye fimbo, mtu ambaye ningemwamkia shikamoo njiani, akasema, "Mura, kijana, mpe asaini, huyo ndiye dume la mji!"

Mama hakugeuka. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la leso.

"Una watoto? Baba yao yupo?" mhudumu akauliza.

"Yupo," nikasema.

"Si aje huyo? Aandike yeye ni mume, tumalize. Watu wanasubiri."

Ndipo mama akasema yale ya muiteni yule kijana. Ndipo nikapiga kioo.

Tulirudi Susuni. Alinishika mkono kwenye mlima wa mwisho, nikawa nahema, yeye anasubiri, anaangalia pembeni ili nisijione ninaangaliwa. Nyumbani akasema neno moja, kwamba hajawahi kuombewa heshima na mtoto mbele ya watu. Sikujua kama ananisifu au ananigombeza. Nadhani ilikuwa aibu tu, yake na yangu, na nyumba ilikuwa ndogo.

Gari liliondoka bila mimi. Habari zikamfikia yule kijana, akaja na sukari na sabuni. Yuko tayari kusaini, akasema, ila basi na mtoto aandikwe jina lake, "ili mambo yawe sawa." Mama akasema sawa. Nikasema si sawa. Mama akasema, "Jina halipumui. Wewe ndiye unapumua." Nikamwambia yule kijana achukue sukari yake. Sabuni niliibakiza, nilikuwa na nepi za kufua.

Mchimbaji alirudi. Nilimwona akipanda kilima cha dhahabu huku anapiga mluzi, akanikwepa. Siku iliyofuata alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Shemeji, nimeona aibu hata kukusalimia. Nafasi ilikuwa yako."

"Umepona?"

"Nalala chali." Akakwaruza ukuta kwa kidole. "Nikwambie kitu. Kule wodini kulikuwa na wanawake wengi. Walikuwa wanasaini wenyewe. Hakuna aliyeulizwa mume. Daktari yule aliniuliza wewe uko wapi."

Kwa hiyo haikuwa sheria. Ilikuwa dirisha tu. Mtu mmoja na kioo chake, na kila mmoja wetu alikuwa ametii.

Nilikaa chini nikaandika. Mama aliniambia nisimtaje, nisimwanike tena mbele za watu. Nikamwambia nitamtaja, kwa sababu yeye ndiye aliyekosewa zaidi. Akaniambia basi niandike kwamba alikuja amevaa vizuri. Nilipeleka barua ofisini Bomani, nikasimama mpaka wakapiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Iliandikwa hivi:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DAWATI LA MAPOKEZI

Mimi ni mgonjwa wa moyo, mtu mzima, nina kitambulisho cha taifa. Daktari aliagiza nipelekwe kufunguliwa valvu kwa mrija. Dawati likanizuia kwa kudai saini ya mume. Mwanaume mwenye ugonjwa kama wangu, aliyepimwa siku moja na mimi, hakudaiwa saini ya mke. Yeye amepona, mimi bado.

Mama aliyenioa kwa mila za kwetu alikuja amevaa vizuri na kitambulisho chake. Aliulizwa swali la matusi mbele ya wagonjwa. Naomba aliyemuuliza afike Susuni kumwomba radhi, siyo kwa simu.

Nilipiga kioo cha dirisha. Hakikuvunjika. Kama kuna adhabu ya hilo, nipeni, lakini nipeni baada ya matibabu.

Naomba jina langu lipelekwe kwa daktari wa moyo sasa, bila kusubiri wale madaktari wageni warudi tena, kwa saini yangu iliyo hapa chini. Silali. Nina mtoto anayenyonya."